Kusaidia familia za wanajeshi na tiba ya jeshi, Nakuru hadi Magharibi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa jirani, chama, kanisa, msikiti na kikundi cha kina mama. Ni wa watu wa Lanet, Gilgil na Eldoret wanaoishi karibu na kambi, na zaidi ni wa vijiji vya Siaya, Vihiga, Busia na Bungoma, ambako mwanajeshi alizaliwa lakini kambi haionekani. Tangu wanajeshi wa Kenya waingie Somalia mwezi wa Oktoba 2011, boma nyingi za huku zimeishi na mtu aliye mbali. Tumeeleza kwa urefu habari za stakabadhi na damu, kwa sababu hapo jirani ana uwezo wa kusaidia, na hapo ndipo watu huchelewa.

Jeshi si linawatibu watu wake? Jamii ihusike ya nini?

Linawatibu. Mwanajeshi huanzia zahanati ya kambi, na jambo likiwa kubwa hupelekwa hadi Memorial, hospitali kuu ya jeshi kule Nairobi. Mke na watoto walioandikishwa nao hutibiwa. Tatizo ni wale wasioandikishwa: mama mzazi aliye Luanda ya Vihiga, baba mwenye presha, ndugu wanaomtegemea, na wakati mwingine mke mwenyewe ambaye ndoa yake haimo kwenye faili.

Hao wanahitaji SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Mtu hujiandikisha kwa *147# akiwa na kitambulisho chake. Asiye na mshahara hupimwa mapato, kisha hulipa kuanzia shilingi 300 kwa mwezi, na hulipa za mwaka mzima kwa pamoja, yaani 3,600 au zaidi. Kosa tunaloliona kila mara ni mzee kuandikishwa na kijana mtaani, akaambiwa "umeshaingia", kumbe upimaji wa mapato haukufanywa na hakuna kilicholipwa. Kwenye zahanati na kituo cha afya atahudumiwa. Akilazwa Russia, yaani hospitali ya rufaa ya Jaramogi kule Kisumu, au kwenye hospitali kuu ya Nakuru, ndipo anaambiwa hayuko hai kwenye mfumo, yaani malipo yake hayaonekani. Keti naye mpaka ujumbe wa malipo uingie. Tumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake mwenyewe, maana ya mjukuu ikipotea, mzee amefungiwa nje.

Anaondoka karibuni. Ni stakabadhi zipi ziwe sawa kabla hajapanda gari?

Cheti cha ndoa kinatangulia. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka hata ndoa ya kimila iandikishwe, na tangu tarehe 1 Agosti 2017 jambo hilo ni lazima. Barua ya chifu inasaidia kuthibitisha kwamba mnaishi pamoja, lakini haiwezi kukaa mahali pa cheti. Ng'ombe waliotolewa, picha za sherehe na watoto watatu vinaonekana kuwa ushahidi tosha, hadi siku ndugu wa mume wakane. Mume na mke waende pamoja kwa msajili wa ndoa wa kaunti wakati wote wawili wapo hai na wanaelewana. Safari hiyo ni ya siku moja. Ukiiahirisha, mjane anaweza kuitumikia miaka mahakamani.

Kisha majina. Weka vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa na vyeti vya shule juu ya meza moja, uvisome herufi kwa herufi. Kwenye kitambulisho ni Atieno, kwenye cheti cha mtoto ni Achieng'. Shuleni ni Wafula, kambini ni Wafulla. Tofauti ndogo hutatuliwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili au kamishna wa viapo. Jina likiwa limebadilika kabisa, hapo ni hati ya kubadili jina, na hiyo huchukua muda zaidi.

Hakikisha kila mtoto ana cheti cha kuzaliwa chenye jina la baba. Kuliongeza jina hilo baba akiwepo ni rahisi kuliko kulithibitisha akiwa hayupo.

Halafu kuna fomu ya jamaa wa karibu iliyoko kambini. Wengi waliijaza wakiwa makuruta Eldoret, wakaandika jina la mama au kaka, wakaoa miaka sita baadaye wasirudi kuibadilisha. Mke na amwulize mumewe wazi: "Baba Brian, kwenye fomu ya kambi umeandika nani?" Si kumwombea mabaya. Na fomu ya jamaa wa karibu mara nyingi si ile inayotaja nani atalipwa mafao, kwa hiyo aulizie zote mbili.

Mambo ya shamba, mkopo au gari yatakayohitaji sahihi yake yafanyiwe hati ya uwakilishi kwa wakili. Kama inagusa ardhi, isajiliwe, la sivyo ofisi ya ardhi haitaipokea.

Wosia je? Si ni uchuro?

Wengi husema hivyo, na hatuwalaumu. Ila wosia wa maandishi ni karatasi moja, sahihi yake na mashahidi wawili. Shahidi asiwe mtu aliyeachiwa kitu, wala mume au mke wa aliyeachiwa. Sheria ya Mirathi inamfikiria mwanajeshi kwa namna ya pekee: wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili hufa nguvu kwa kawaida ikiwa aliyeusema ataishi zaidi ya miezi 3, lakini wa mwanajeshi aliye vitani hubaki halali akifariki ndani ya kipindi hicho hicho cha utumishi, hata miezi 3 ikipita. Hata hivyo usitegemee mdomo. Mashahidi wake wako kwenye handaki lile lile.

Tunataka kuchangia damu. Tuanzie wapi?

Vituo vya kanda vya damu viko Nakuru, Eldoret na Kisumu. Zungumzeni nao wiki tatu au nne kabla. Wao huleta wauguzi, mifuko na vifaa vya kupima. Ninyi mnatoa ukumbi wenye kivuli na hewa, meza nne, viti thelathini, nafasi ya kulaza watu sita kwa wakati mmoja, umeme, maji ya kunawa, soda na mkate. Anzeni saa mbili asubuhi na mmalize kufikia saa saba. Sababu ni hii: damu ikitakiwa kutenganishwa iwe chembe nyekundu, plazma (maji ya damu) na vigandishi (chembe za kugandisha damu), lazima ifike maabara ndani ya saa 6 hadi 8. Mkiwa Port Victoria au Endebess mkaanza saa tano kwa sababu mgeni rasmi amechelewa, mmepoteza sehemu ya faida. Hotuba ziwe baada ya mfuko wa mwisho.

Mtoaji awe na umri wa miaka 16 hadi 65, uzito wa kilo 50 au zaidi, na damu yenye hemoglobini isiyopungua 12.5. Hutolewa mililita 450 hivi. Mwanamume hurudia baada ya miezi 3, mwanamke baada ya miezi 4. Mjamzito na anayenyonyesha wasitoe. Aliyeugua malaria hivi karibuni, aliyechanjwa tatuu au anayemeza dawa yoyote amwambie muuguzi kabla ya sindano. Damu yote hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina B na C, na kaswende.

Watu huzirai kwa sababu mbili hasa: wamekuja na njaa wakidhani ni kama kipimo cha sukari, au wameinuka upesi. Kula vizuri asubuhi, kunywa nusu lita ya maji kabla ya kulala kitandani, baki umelala dakika kumi, kisha keti na soda yako. Wa bodaboda asiondoke akiendesha papo hapo.

Mkitaka painti 40, andikisheni watu 70 hivi. Wapo watakaokataliwa kwa uzito, kwa damu hafifu, kwa presha, na wapo watakaoghairi wakiona sindano.

Sasa kuhusu tarehe, na hili tunalisisitiza kwa kila kikundi. Damu nzima hukaa siku 35 tu kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 6. Vikundi vingi hupenda Siku ya KDF, yaani ya Jeshi la Ulinzi la Kenya, tarehe 14 Oktoba, kwa ajili ya heshima. Painti ya siku hiyo inakwisha muda tarehe 18 Novemba. Desemba, wakati magari yamejaa barabara ya Nakuru kwenda Eldoret na wanafunzi wa sekondari ambao ndio watoaji wakubwa wako nyumbani, jokofu ni tupu. Fanyeni sherehe Oktoba mkipenda, lakini siku ya damu iwe mwisho wa Novemba, na nyingine mwishoni mwa Desemba. Aprili na Agosti ni vivyo hivyo.

Naweza kusema damu yangu iende kwa mwanajeshi fulani?

La. Inaingia akiba ya wote na kwenda panapohitajika, iwe ni hospitali ya jeshi au mama anayejifungua Kakamega. Hivyo ndivyo akiba inavyofanya kazi: siku mwanajeshi anahitaji, anapewa ya mtu asiyemjua. Kundi O chanya ni karibu nusu ya watu wetu. O hasi ni wachache sana, na kila kikundi kijue wake ni akina nani na wanapatikana kwa simu gani.

Tunasikia tiba ya vita imebadilisha huduma ya kwanza. Sisi raia inatuhusu nini?

Inawahusu kila siku penye ajali za barabarani, pale Salgaa, Sachangwan na Londiani. Somo kubwa la madaktari wa jeshi katika miaka thelathini iliyopita ni kwamba majeruhi wengi wanaoweza kuokolewa hufa kwa kutokwa damu kabla ya kufika kwa daktari. Mtu mzima ana lita 5 hivi za damu. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, dakika chache zinatosha.

Kwanza kandamiza. Glovu mkononi, kitambaa safi juu ya jeraha, uzito wa mwili wako wote juu yake, dakika kumi bila kuinua kuchungulia. Kuchungulia ndiko kunakovunja damu iliyoanza kuganda. Jeraha likiwa na shimo, jaza kitambaa ndani mpaka mwisho, kisha kandamiza. Kwapani, kinenani na shingoni ni hivyo tu, maana hapo hapafungiki. Na shingoni usizungushe kitu kamwe.

Mkono au mguu ukiendelea kumwaga, funga tonikwiti, yaani ukanda wa kubana mpaka damu isimame. Iliyotengenezwa kiwandani ni bora. Ukiwa huna, kunja leso iwe ukanda wa upana wa vidole vitatu. Izungushe kati ya jeraha na mwili, sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, isikae kwenye kiungo chenyewe cha goti wala kiwiko. Piga fundo moja, laza kijiti kigumu juu yake, piga fundo la pili, kisha zungusha kijiti mpaka damu isimame kabisa. Kifunge kisirudi nyuma. Andika saa kwa kalamu kwenye ngozi ya mgonjwa, paji la uso likiwa bora, na usiilegeze njiani. Mgonjwa atalia kwa maumivu. Hiyo haimaanishi umekosea.

Mambo matatu huiharibu: kamba nyembamba ya mkonge au waya, ambayo hukata nyama bila kuzuia mshipa, kalamu ya bairo au kijiti kibichi kinachovunjika mzunguko wa pili (mpini wa mwiko wa ugali unatosha), na woga wa kukaza. Tonikwiti iliyokazwa nusu ni mbaya kuliko kutofunga, kwa sababu damu inaingia kwenye mguu lakini hairudi, na jeraha linamwaga zaidi. Ikishindwa, funga ya pili kando ya ile ya kwanza, upande wa mwili.

Stendi moja ya bodaboda iwe na sanduku moja: jozi kumi za glovu, bandeji pana sita, leso mbili, vijiti viwili imara, mkasi, kalamu ya wino mzito. Mtu mmoja alikague kila mwezi, maana glovu ndizo hutoweka kwanza.

Kuna ukweli kwamba jeshi la Marekani hufanya utafiti wa dawa Kombewa na Kericho?

Ni kweli na si siri. Kitengo cha utafiti wa tiba cha jeshi la Marekani kimefanya kazi nchini tangu 1969, hushirikiana na KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na watu wengi wanakijua kwa jina la Walter Reed. Majeshi hujali malaria kwa sababu huangusha wanajeshi wasio na kinga, na kijana aliyekulia Uasin Gishu akipelekwa sehemu ya joto ni kama mgeni tu.

Chanjo ya malaria ya RTS,S ilitokana na ushirikiano wa kampuni ya GSK na watafiti wa Walter Reed. Jaribio lake kubwa, kati ya 2009 na 2014, lilihusisha watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika. Kombewa na Siaya zilikuwa miongoni mwa vituo hivyo, pamoja na Kilifi. Watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi nne walipungukiwa na malaria kwa asilimia 36 katika miaka minne hivi. Kenya ilianza kuitoa Homa Bay tarehe 13 Septemba 2019, na WHO ikaipendekeza tarehe 6 Oktoba 2021. Wazazi wa Seme na Kisumu Magharibi waliopeleka watoto wao kliniki miaka ile yote waliichangia tiba hiyo, na wanastahili kuambiwa hivyo.

Ukiombwa kuingia kwenye utafiti wowote, dai mambo haya: maelezo kwa lugha unayoielewa, Kidholuo au Kiswahili, nakala yako ya fomu ya ridhaa, jina na simu ya kamati ya maadili iliyoidhinisha, jibu la nani atakutibu ukidhurika. Unaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu ya kawaida. Nauli hurudishwa, lakini anayekuahidi pesa nyingi kwa mwili wako mkimbie. Usitie sahihi siku hiyo hiyo kama hujaelewa. Nenda nyumbani, urudi.

Nini kisiwekwe mtandaoni?

Tarehe ya kuondoka au kurudi, jina la kambi aliko, picha yenye beji ya kikosi, mahali pa moja kwa moja kwenye WhatsApp, na picha ya mtoto akiwa na sare ya shule chini ya maandishi "baba yake yuko Somalia". Hata maombi ya kikundi cha kanisa yenye jina kamili na mahali yatasambazwa.

Na likitokea shambulio, usisambaze picha za maiti. Baada ya kambi ya wanajeshi wetu ya El Adde, Somalia, kushambuliwa Januari 2016, picha zilizunguka kwenye simu kabla familia hazijaambiwa lolote. Mama asimtambue mwanawe kwa viatu kwenye simu ya jirani. Ukitumiwa, futa, na umwambie aliyetuma afute.

Mtu amepiga simu: mume wangu ameumia, nitume pesa ya upasuaji.

Ni mwizi. Jeshi halimtozi majeruhi wake pesa kwa M-Pesa, wala halitangazi habari hiyo kwa nambari usiyoijua. Kata simu, piga kambi au nenda mwenyewe langoni na kitambulisho. Ni vivyo hivyo kwa anayedai hongo ili "kuharakisha fidia" au kumwingiza kijana jeshini: kuandikishwa ni bure.

Amerudi, lakini si yule aliyeondoka.

Wiki za kwanza halali vizuri, anashtuka mlango ukigongwa, anakaa akitazama lango, hataki stendi iliyojaa watu. Kwa wengi hupungua. Ikipita mwezi mmoja na bado ndoto zinamwamsha akipiga kelele, anaepuka kila kinachomkumbusha, amekuwa na hasira za ghafla au hahisi chochote hata kwa watoto wake, huo ni ugonjwa unaotibika na una wataalamu. Aanzie zahanati ya kambi. Kama anaogopa kuonekana huko, MTRH, hospitali ya rufaa ya Moi kule Eldoret, na hospitali kuu za Kisumu na Nakuru zina huduma ya afya ya akili.

Pombe ndiyo inayoficha yote. Inampa usingizi wa saa mbili, kisha inauvunja, na kesho anahitaji zaidi. Marafiki wanaomnunulia kama pongezi, tafadhali mnunulieni chai.

Usimwulize ameua wangapi. Usimwambie "wewe ni mwanaume, jikaze". Kutembea naye hadi shambani bila maneno mengi kunafaa kuliko maswali. Usimwamshe kwa kumshika. Simama miguuni mwa kitanda umwite jina.

Akisema anataka kufa, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga, muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo. Asiachwe peke yake, ondoa dawa za shamba na kamba, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure. Woga wa polisi usiwazuie: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha sheria kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa kinakiuka Katiba.

Na mtu yeyote aliyetoka sehemu yenye malaria akipata homa, apimwe ndani ya saa 24 na amwambie daktari alikotoka. Wa Nakuru hudhani ni baridi tu.

Habari mbaya imefika bomani. Saa za kwanza tufanye nini?

Maafisa huja wenyewe, mara nyingi na kasisi au imamu wa jeshi. Wakiingia, jirani subiri nje mpaka uitwe. Kisha gaweni kazi. Mtu mmoja ashike simu ya mjane na kuandika kwenye daftari nani amepiga na amesema nini. Mwingine awe langoni. Mwingine ahakikishe wazazi wazee wamemeza dawa za presha na sukari. Kwenye kilio ndizo husahaulika, na boma linaweza kupata msiba wa pili. Watoto waambiwe ukweli kwa maneno mafupi na mtu wanayempenda. "Baba amesafiri" itawaumiza baadaye.

Msimwambie mjane "ukihitaji kitu utaniambia". Hataambia. Sema: "Mama Otieno, kesho asubuhi ninaleta gunia la mkaa na maziwa lita tano." Kisha lete.

Jeshi hushughulikia jeneza, usafiri wa mwili na heshima za kijeshi. Kazi ya kijiji ni barabara, hema, chakula na maji. Pimeni daraja dogo la kuingilia kama linabeba lori la jeshi, hasa kama mvua inanyesha. Jazeni mawe siku mbili kabla. Bela moja la unga, pakiti 12 za kilo mbili, hulisha watu 80 hadi 100. Waambieni majirani mapema kwamba kutapigwa risasi za heshima, ili ng'ombe wafungwe na wagonjwa wasishtuke. Mwili ukihitaji kutambuliwa kwa DNA, wanaofaa kutoa sampuli ni wazazi na watoto wake. Disko matanga ya kuchangisha pesa haifai hapa, na tunaona haifai popote penye watoto.

Kilio kikiisha, weka kwenye simu yako tarehe za kumtembelea mjane: miezi miwili, sita na kumi na miwili baada ya mazishi. Hema likikunjwa ndipo nyumba inanyamaza.

Haonekani na mwili haujapatikana. Tungoje hadi lini?

Sheria ya Ushahidi inaruhusu mtu kuchukuliwa kuwa amefariki ikiwa hajasikika kwa miaka 7 na wale ambao wangesikia habari zake. Kabla ya hapo fuateni kikosi chake kwa maandishi, mkihifadhi nakala ya kila barua. Msimlazimishe mke afanye matanga wala asifanye.

Mirathi inafuatwa vipi?

Pata kibali cha mazishi na cheti cha kifo. Nenda kwa chifu akupe barua inayotaja warithi wote. Wote, pamoja na mtoto wa nje na mke mwingine kama yupo. Kuficha jina ndiko hurudisha kesi nyuma miaka mitano. Andika mali na madeni, kisha wasilisha ombi mahakamani kwa fomu P&A 80 na hati ya kiapo P&A 5. Mali isiyozidi shilingi milioni 20 inaweza kusikilizwa na hakimu mkuu. Tangazo hutoka kwenye Gazeti la Serikali, pingamizi husubiriwa siku 30, na usimamizi huthibitishwa baada ya miezi 6. Mke ndiye wa kwanza kupewa nafasi. Watoto wakiwa wadogo, wasimamizi wawe wawili, kwa hiyo amchague mapema mtu wa kumsaidia, asichaguliwe na ukoo.

Sehemu ya mafao hulipwa kwa aliyetajwa kwenye fomu za jeshi, na hiyo haingoji mahakama. Jirani msomi, kazi yako ni kusoma barua pamoja naye na kumsindikiza. Usimshikie kadi ya benki.

Pesa za mchango zishikwe na nani?

Zisishikwe na simu ya mtu mmoja. Andikisheni kikundi kwa ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022: watu 10 au zaidi, katiba, muhtasari wa mkutano. Akaunti iwe na sahihi tatu, na mmoja asiwe wa ukoo wa marehemu. Karo ilipwe moja kwa moja shuleni, na risiti apewe mama.

Waliostaafu wanasaidiwa na nani?

DEFOCA ndicho chama cha wanajeshi wastaafu cha tangu zamani, na Bunge lilipitisha Sheria ya Maveterani wa Jeshi mwaka wa 2022. Msaidie mzee kutafuta nambari yake ya utumishi. Ukiwa nayo, milango inafunguka. Kwa wake wa walio kazini, MWAK, chama cha wake wa wanajeshi, kiko kambini.

Sare zake zimebaki kabatini. Tuzifanyeje?

Asipewe mdogo wake avae shambani. Raia kuvaa sare ya jeshi bila idhini ni kosa, na kijana anaweza kukamatwa akiwa na koti la kaka yake. Chagueni siku mjane yuko tayari, si wiki ya mazishi. Toeni kila kitu mfukoni, maana humo hubaki barua, risiti na kadi ya simu yenye picha za watoto. Andikeni orodha: suruali, koti, buti, mkoba, kofia. Pelekeni kambini pamoja na mtu wa familia, mkabidhi kwa hesabu, na mrudi na karatasi iliyotiwa sahihi. Medali, picha na bendera iliyokunjwa hubaki nyumbani. Bendera hiyo iwekwe mbali na moshi wa jikoni.